Shajara ya mradi: adrenomedulini katika magonjwa ya moyo na umetaboli

12 Januari

Tumeanza rasmi. Mradi huu ni wa mapitio ya tafiti, maabara hatuigusi. Tuko watatu: mimi wa fiziolojia, mwenzangu wa famasia, na mtakwimu tuliyemwazima kutoka idara nyingine. Msimamizi anataka sura moja iingie kwenye tasnifu yangu, na ikitoka vizuri tuifanye makala.

Homoni tuliyoichagua ni adrenomedulini, peptidi (mnyororo mfupi wa protini) inayotanua mishipa ya damu. Ukitaja BNP, homoni ya moyo, wodini kila mtu anaijua, maana ndiyo inayopimwa mgonjwa akija anahema na miguu imevimba. Ukitaja adrenomedulini unaulizwa kama ni dawa mpya. Nimemwambia msimamizi kwamba hiyo pekee inatosha kuwa sababu, akacheka, kisha akadai swali. Tumebishana mpaka tukalipata: mtu mnene mwenye presha na sukari, homoni hii kwake iko juu. Imepandishwa na nini, na huko juu iliko inafanya kazi gani?

Majibu yanayowezekana tumeyaandika ubaoni. Kwanza, ni kiashiria tu, inapanda kwa sababu mwili unaumwa. Pili, ni mlinzi, inapanda ili kupunguza madhara. Tatu, ni mshiriki wa ugonjwa. Mwenzangu wa famasia ameshika upande wa mlinzi tangu leo. Mtakwimu hana upande, anasema ataamini jedwali.

15 Januari

Siku nzima nimekuwa kwenye makala ya kwanza, ya 1993. Kazuo Kitamura na wenzake wa Miyazaki, kisiwa cha Kyushu nchini Japani, wakishirikiana na kina Kenji Kangawa na Hisayuki Matsuo, walichukua nyama ya feokromositoma, uvimbe unaoota sehemu ya ndani ya tezi adrenali iliyo juu ya figo. Uvimbe huu madaktari wanaufahamu kwa kupandisha presha ghafla, kwa kuwa unamwaga adrenalini bila kipimo. Wao waliichuja nyama hiyo vipande kwa vipande, kila kipande wakakijaribu kwenye chembe sahani za panya (zile zinazogandisha damu), wakiangalia ni kipi kinachopandisha cAMP, molekuli inayobeba ujumbe ndani ya seli. Kimoja kikapandisha. Walipomdunga panya kitu hicho, presha yake ikashuka na ikakaa chini kwa muda.

Kwa hiyo kitu cha kushusha presha kilipatikana ndani ya uvimbe maarufu kwa kuipandisha. Napenda utafiti wa namna hii, ambapo mtu hana nadharia kubwa, ana kipimo kizuri na subira ya kuchuja. Kangawa na Matsuo walikwisha kuitumia subira hiyo hiyo kwenye peptidi za moyo, na BNP waliipata kwenye ubongo wa nguruwe mwaka 1988.

Umbo lake: asidi amino (vijenzi vya protini) 52, pete ndogo ya asidi sita iliyofungwa kwa daraja la salfa, na mkia wenye amidi. Amidi hiyo ikikosekana, homoni haifanyi kazi, na jambo hilo litatusumbua tukifika kwenye vipimo. Inakatwa kutoka kwenye protini mama ya asidi 185, ambayo hutoa pia peptidi nyingine ndogo ya asidi 20 inayoitwa PAMP, nayo hushusha presha kwa njia yake. PAMP tumeiweka kando. Tukiifungulia mlango hatutamaliza mwaka huu.

Mwaka uliofuata, 1994, ikaonekana kwamba seli za endothelia, ule utando wa ndani wa mishipa, zinaitengeneza kwa wingi, na misuli ya ukuta wa mshipa nayo inaitengeneza. Kwa mapitio yetu hili ni la msingi. Adrenomedulini ni kauli ya mishipa yenyewe, na mishipa imo kila mahali. Mishipa ikikosa oksijeni inaitoa, na mwili ukiwaka uvimbe unaotokana na kinga inaitoa vilevile. Sasa unene, kisukari, presha na moyo kushindwa, vyote vina mojawapo ya hayo mawili ndani yake.

22 Januari

Vipokezi, protini za juu ya seli zinazoipokea homoni. Nimeingia nikidhani nitamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Homoni nyingi zina kipokezi chake, mambo yameisha. Hii haina kipokezi cha peke yake. Mwaka 1998 kundi la watafiti wa Glaxo, Uingereza, lilikuwa linakitafuta kipokezi cha peptidi nyingine iitwayo CGRP, likakuta kwamba protini inayoitwa CLR peke yake haifanyi lolote. Inahitaji protini ndogo ya kuisindikiza hadi juu ya seli, na msindikizaji ndiye anayeamua CLR itamtambua nani. Akiwa RAMP1, seli inaipokea CGRP. Akiwa RAMP2, inaipokea adrenomedulini. Akiwa RAMP3, nayo ni adrenomedulini, ila kwa tabia tofauti kidogo.

Maana yake kwetu ni kwamba kiasi cha homoni kwenye damu hakikuambii tishu inasikia nini. Inabidi ujue pia tishu hiyo ina msindikizaji gani, na kwa wingi gani. Nimeongeza safu mpya kwenye jedwali la kukusanyia taarifa: "kipokezi kilichopimwa, kama kipo". Mtakwimu ameitazama akasema safu hiyo itabaki tupu kwenye tafiti nyingi za binadamu. Kweli, na mimi nataka huo utupu uonekane.

Homoni ikishika kipokezi kwenye msuli wa mshipa, cAMP inapanda na msuli unalegea. Ikishika kwenye endothelia, endothelia inatoa oksidi ya nitriki, nayo inaulegeza msuli ulio jirani. Njia mbili, tokeo moja: mshipa unatanuka.

28 Januari

Utafutaji kwenye hifadhidata umekamilika, kwa shida. Kifupi cha AM kinaleta takataka za kila aina, ikiwemo kila makala iliyotaja saa za asubuhi. Tumekifuta, tumebaki na jina kamili na ADM. Makala kadhaa za zamani za Kijapani zimefungwa nyuma ya malipo. Mama wa maktaba ameahidi kutusaidia, na akiahidi huwa anatimiza.

Tumekubaliana pia kwamba sepsisi, yaani mwili kuzidiwa na maambukizi, haiingii, isipokuwa pale inapotufundisha kitu kuhusu homoni yenyewe. Fasihi ya sepsisi ni bahari.

4 Februari

Vipimo. Ningekuwa na uwezo ningemlazimisha kila anayeandika kuhusu homoni hii aanzie hapa.

Adrenomedulini ni mtihani kuipima. Katika damu ni kidogo mno, nusu ya uhai wake ni kama dakika 22, na ina tabia ya kung'ang'ania kuta za chupa na mirija. Juu ya hayo, protini ya damu iitwayo kipengele H cha komplimenti (mfumo wa protini za kinga) huishika, jambo lililoonyeshwa mwaka 2001. Sampuli moja ukiipima kwa mbinu mbili unaweza kupata namba zisizofanana.

Ndiyo maana mwaka 2005 watafiti wa Ujerumani walikuja na njia ya pembeni. Badala ya kuikimbiza homoni, walipima kipande cha katikati cha ile protini mama, asidi ya 45 hadi ya 92, kinachojulikana kama MR-proADM. Kipande hiki hakina kazi inayojulikana, hakishikwi na kitu, kinakaa kwenye damu bila kuharibika haraka, na kinazalishwa kimoja kwa kila protini mama inayokatwa. Ukikipima unapata picha ya uzalishaji. Baadaye ukaja upimaji wa adrenomedulini iliyo hai, yenye amidi yake kamili, unaoitwa bio-ADM.

Watu wanavichanganya hivi viwili kana kwamba ni kimoja. MR-proADM inasema mwili umetengeneza kiasi gani. Bio-ADM inasema kiasi gani kilicho hai kinazunguka sasa hivi, baada ya mapafu na vipokezi kuchukua chao. Figo zikidhoofika MR-proADM inapanda, hivyo mgonjwa wa kisukari mwenye figo zilizoathirika anaweza kuwa na namba kubwa kwa sababu ya figo. Kwenye jedwali letu kila utafiti una alama ya kipimo ulichotumia, na hakuna kujumlisha namba za vipimo tofauti. Mwenzangu ameona nimezidisha ukali. Abaki na maoni yake, alama ziko palepale.

11 Februari

Tafiti za makundi makubwa. Nimezisoma pamoja na mtakwimu, jambo lililochelewesha kazi na kuifanya iwe bora.

Tulianza na zile za zamani. Mwaka 1994 Wajapani walionyesha kwamba wagonjwa wa presha wana adrenomedulini nyingi kuliko wenye afya, na wale ambao presha imeshawaharibia viungo wana zaidi. Kwenye moyo kushindwa, tafiti za 1995 zilionyesha inapanda ngazi kwa ngazi kadiri mgonjwa anavyozidiwa. Kisha Leicester, Uingereza, 2007: watu 983 waliopata shambulio la moyo, na MR-proADM ikatabiri nani atafariki au moyo wake utashindwa. Kisha utafiti wa BACH, 2010: wagonjwa 1,641 waliofika hospitali wakihema kwa shida, na miongoni mwa waliokuwa na moyo kushindwa MR-proADM ilitabiri vifo vya siku 90 vizuri kuliko BNP.

Mpaka hapo mwenzangu alikuwa anatabasamu. Mtakwimu akaleta Malmö, Uswidi, 2009. Hapo hakuna wagonjwa wa dharura, kuna watu 5,067 wa kawaida wasio na ugonjwa wa moyo, waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka kumi. MR-proADM ilibaki kwenye modeli ya matukio ya mishipa ya moyo pamoja na NT-proBNP, kipande cha protini mama ya BNP, maana yake inahusiana kweli. Ila ukishajua umri wa mtu, presha yake, kama anavuta sigara, kolesteroli na sukari, kipimo hiki kinaongeza uwezo wa kutabiri kwa kiasi kidogo mno.

"Unaona," mtakwimu akasema, "kuhusiana ni kitu kimoja, kusaidia ni kingine."

Msimamo wangu nimeuandika pembeni mwa jedwali: kwa mgonjwa aliyezidiwa kipimo kina la kusema, kwa mtu anayetembea mtaani bado kifaa cha kupima presha kinakishinda. Na zote hizi zinagusa jibu la kwanza tu la ubaoni, lile la kiashiria. Wachimba kaburi huonekana kwenye kila msiba, hilo haliwafanyi wawe ndio waliomuua marehemu.

17 Februari

Siku fupi. Nimeandika aya moja tu, lakini naipenda.

Inahusu BNP na unene. Mwaka 2004 watafiti wa Framingham, Marekani, walionyesha kwamba watu wanene wana peptidi za moyo chache kwenye damu, kinyume na mtu angetarajia, kwa vile moyo wao unabeba mzigo mkubwa zaidi. Adrenomedulini inakwenda upande wa pili: uzito ukiongezeka nayo inaongezeka, na tishu ya mafuta yenyewe inaitengeneza. Baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo MR-proADM hushuka pamoja na leptini, homoni ya tishu ya mafuta, kama ilivyoripotiwa 2009.

Peptidi mbili zinazotanua mishipa, ndani ya mwili mmoja mnene, moja inashuka na nyingine inapanda. Anayesema unene "unaharibu homoni za mishipa" kwa mkumbo hajatazama vizuri. Msimamizi ameandika pembeni: "Hii iwe mwanzo wa sura." Nitaifikiria.

25 Februari

Upande wa mlinzi. Nimemwachia mwenzangu aandike rasimu, maana ndiye mwenye shauku, mimi nimekagua.

Ushahidi wake mzito unatoka kwa panya. Mwaka 2001 Kathleen Caron na Oliver Smithies, wa North Carolina, waliifuta kabisa jeni ya adrenomedulini. Hakuna panya hata mmoja wa aina hiyo aliyezaliwa hai. Walikufa tumboni katikati ya mimba, wamejaa maji mwili mzima, mioyo na mishipa ikiwa na kasoro. Baadaye, 2008, ikaonekana kwamba ukifuta CLR au RAMP2 unapata picha inayofanana sana, na kwamba sehemu kubwa ya tatizo ni mishipa ya limfu iliyoshindwa kukua inavyotakiwa. Kwa hiyo homoni hii inaijenga mishipa na kuifanya isivuje, kabla hata ya kufikiria kuitanua.

Kwa binadamu, kundi la Noritoshi Nagaya liliwadungia wagonjwa wachache wa moyo kushindwa adrenomedulini kwa mshipa na kuchapisha mwaka 2000. Presha ilishuka, shinikizo la upande wa mapafu likashuka, na moyo ukasukuma damu nyingi zaidi. Ni tafiti ndogo na za muda mfupi, lakini zimepangwa vizuri.

Ukaguzi wangu uliishia kwenye sentensi moja. Mwenzangu aliandika kwamba kwa hiyo kupanda kwa homoni kwa wagonjwa "kunawalinda". Nimempigia.

"Kaka, ukimpa mtu homoni kwa saa moja akapata nafuu, umethibitisha kwamba dozi ile inafanya kazi kwa saa moja. Aliyeishi nayo ikiwa juu miaka kumi ni habari nyingine."

"Na panya waliokufa je?"

"Wale hawakuwa nayo kabisa. Mgonjwa wetu anayo nyingi. Unaniletea ushahidi wa njaa ili unieleze shibe."

Akakata simu kwa heshima. Jioni akaleta sentensi mpya: "huenda kunapunguza mzigo wa moyo katika hatua za mwanzo". Nimeikubali.

6 Machi

Nimefika mahali ambapo mradi umebadilika sura. Ni sukari.

Kwa mpangilio wa miaka. Mwaka 1996 Alfredo Martínez na wenzake walichukua visiwa vya kongosho vya panya, vile vikundi vya seli zinazotoa insulini, wakaweka adrenomedulini, na utoaji wa insulini ukapungua. Kumbe homoni ya mishipa ina neno la kusema kwenye kongosho. Mwaka 2003 kundi la Tokyo likatumia panya wenye nusu tu ya jeni, ambao wanaishi. Walipozeeka walipata ukinzani wa insulini, yaani mwili kuacha kuiitikia, na maelezo yalikuwa kwamba upungufu wa adrenomedulini uliacha msongo wa oksidi uendelee bila breki. Mpaka hapo mlinzi anashinda: pungufu ya homoni, ukinzani zaidi.

Halafu 2025. Kundi la Stefan Offermanns, kutoka Taasisi ya Max Planck ya Bad Nauheim, Ujerumani, wamechapisha kwenye jarida la Science kazi inayokwenda njia nyingine kabisa. Nimeisoma kwa kalamu mkononi, kisha nikaisoma tena.

Hoja yao inaanzia pale ambapo wengi hatupaangalii tunapofundisha kisukari. Tunafundisha insulini inagusa msuli na ini na mafuta. Lakini insulini inasafiri kwenye damu, na kabla haijaufikia msuli inakutana na endothelia. Endothelia ina vipokezi vya insulini. Vikiguswa, inatoa oksidi ya nitriki, mishipa midogo ya msuli inafunguka, damu inaongezeka, na insulini yenyewe pamoja na sukari vinafika panapohitajika. Endothelia ikiacha kuitikia insulini, msuli unacheleweshewa mzigo wake hata kama msuli wenyewe ni mzima.

Katika unene, wanasema, adrenomedulini imepanda na kile kipengele H kinachoishika kimepanda pia. Homoni inashika CLR juu ya endothelia, cAMP inapanda, kimeng'enya cha PKA kinaamka, nacho kinaiamsha PTP1B, kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuondoa fosfati kwenye kipokezi cha insulini. Kipokezi kisicho na fosfati hakisemi kitu. Walipoondoa kipokezi cha adrenomedulini kwenye endothelia peke yake, panya walionenepeshwa walibaki na usikivu wao wa insulini kwa kiasi kizuri. Walipotumia kizuizi cha kipokezi hicho, hali ilikuwa bora pia.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba cAMP, ile ile iliyotumiwa mwaka 1993 kuitambua homoni kwenye chembe sahani, ndiyo inayobeba madhara hapa. Na homoni ya kutanua mishipa inaifunga njia ambayo insulini huitumia kuitanua. Nimemtumia mwenzangu muhtasari. Amejibu kwa neno moja: "Du."

9 Machi

Kikao cha wote watatu na msimamizi. Swali lilikuwa moja: kazi ya 2003 na ya 2025 zinawezaje kuwa sahihi zote mbili?

Tofauti tulizoziona ni nyingi. Panya wa Tokyo walikosa nusu ya homoni mwilini mwote, tangu mimba, na tatizo lilijitokeza uzeeni. Panya wa Bad Nauheim walikuwa na homoni yao, wakanyimwa kipokezi kwenye aina moja ya seli, na walikuwa wamenenepeshwa kwa chakula cha mafuta. Wa kwanza wanaonyesha kinachotokea homoni ikipungua mwilini mwenye uzito wa kawaida, wa pili kinachotokea ikizidi katika unene. Hakuna ulazima wa mmoja kuwa amekosea.

Msimamizi alikwenda mbali zaidi. Alisema makundi yale matatu ya ubaoni ndiyo yanayotupotosha, kwa kuwa yanauliza homoni hii ni nani, wakati inabidi tuulize iko wapi, kwa kiasi gani na kwa muda gani. Mtakwimu, ambaye huwa haongei vikaoni, akasema jedwali linamuunga mkono Mwalimu. Ubao umefutwa. Sura sasa inapangwa kwa tishu: moyo, ukuta wa mshipa, endothelia ya msuli, mafuta, kongosho, figo.

Hii inaturudisha kazini kwa wiki kadhaa. Sina malalamiko. Mpangilio wa mwanzo ungetulazimisha kuchagua mshindi.

18 Machi

Sehemu ya dawa, ambayo kila msomaji atarukia.

Kama adrenomedulini kwenye endothelia inaleta ukinzani, basi tuzuie kipokezi? Mwenzangu wa famasia hapa ndipo alipong'ara. Amekumbusha kwamba jamaa wa karibu wa kipokezi hiki ameshazuiwa kwa binadamu. Erenumab, kingamwili ya kuzuia kipandauso, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018, nayo inashika CLR iliyo na RAMP1. Mwaka 2020 lebo yake iliongezewa tahadhari ya presha kupanda. Huyo ni yule wa CGRP. Sasa fikiria kumzuia yule wa adrenomedulini kwa mtu mnene, ambaye mara nyingi presha anayo tayari, na mishipa yake ya limfu inaitegemea homoni hii. Kupata sukari nzuri kwa kulipia presha si biashara ambayo daktari wa kliniki ya kisukari ataikimbilia. Labda njia iko chini ya kipokezi, kwenye PTP1B, ambayo watafiti wa dawa wameifukuzia kwa miaka mingi bila dawa kufika sokoni.

Mfano wa pili tumeuruhusu kutoka sepsisi, kwa masharti yale ya Januari. Adrecizumab ni kingamwili inayoishika adrenomedulini bila kuizima, na kwa ukubwa wake inaibakisha ndani ya mshipa, ambako inasaidia ukuta usivuje, badala ya kutorokea nje na kuulegeza msuli. Jaribio la wagonjwa 301 wenye mshtuko wa sepsisi, lililochapishwa 2021, lilionyesha inavumilika vizuri, lakini tofauti ya vifo haikuthibitika. Kwetu somo ni lile wazo: homoni ile ile, upande wa ndani wa mshipa ina kazi moja na upande wa nje ina kazi nyingine. Ni hoja ya msimamizi, ikiwa imetengenezwa kuwa dawa.

24 Machi

Aya kuhusu kwetu. Sikutaka kuibandika mwishoni kwa desturi tu, kama makala nyingi zinavyofanya.

Nilichonacho ni hiki. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa 2012, ulikusanya wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa kwa ghafla kutoka nchi tisa za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52, na chanzo kikuu kilikuwa presha, kwa asilimia 45 hivi. Mgonjwa wa Ulaya kwa kawaida ni mzee zaidi kwa miaka mingi, na chanzo chake mara nyingi ni mishipa ya moyo kuziba.

Sasa rudi kwenye jedwali letu. Malmö, Leicester, BACH. Viwango vyote vya MR-proADM tulivyovinukuu vimetoka kwenye miili yenye umri na magonjwa ya aina ile. Mama wa miaka 50 ambaye moyo wake umetanuka kwa presha isiyotibiwa, figo zimeanza kuchoka na sukari imeanza kupanda, ana kila sababu ya kuwa na homoni hii juu, na sababu zenyewe zimefungamana. Kumpima leo kusingebadilisha dawa hata moja anayopewa. Nimeandika hivyo wazi, kwamba hatupendekezi kipimo hiki kwenye kliniki zetu kwa sasa, na fedha ziende kwenye dawa za presha na kupima kreatinini, kipimo cha figo. Mwenzangu alitaka tulainishe. Msimamizi amesema libaki.

Ambapo naona kazi ya maana inaweza kufanyika huku ni kwenye swali la endothelia: watu wanene wenye presha, umri mdogo, kabla figo hazijaguswa, bio-ADM na usikivu wa insulini vipimwe pamoja kabla na baada ya kupungua uzito. Nimeliweka kama pendekezo, lenye masharti yote ya namna ya kuhifadhi sampuli, maana homoni inayonata kwenye chupa haimsamehe mtu mwenye friji inayozimika umeme.

31 Machi

Rasimu ya kwanza ya mpangilio mpya imekwenda kwa msimamizi leo mchana. Moyo, ukuta wa mshipa na endothelia zimekamilika. Mafuta na kongosho ni aya fupi, kwa sababu ushahidi wa binadamu ni mwembamba na sikutaka kuunenepesha kwa maneno. Figo bado ziko kwa mwenzangu, anasubiri makala mbili kutoka kwa mama wa maktaba. Mtakwimu ameomba safu ya vipokezi ibaki kwenye jedwali la mwisho, pamoja na visanduku vyake vyote vitupu, na tumekubaliana iwe ya kwanza kushoto.